GARI KUUKUU SI GARI LA BURE

Mwezi uliopita alifika katika ofisi ya gazeti hili ndugu yetu mmoja, mwanachama wa siku nyingi, seremala kwa kazi yake. Alikuwa ameshika karatasi moja kwa vidole viwili, kama mtu ashikavyo kitu asichojua kama kitamchoma. Pikapu yake, iliyotoka kiwandani mwaka 1998, ilikuwa imegongwa kwa nyuma na lori katika Barabara ya Morogoro, upande wa Mlandizi, ikasukumwa mpaka mtaroni. Mwenyewe alitoka na michubuko tu, tunamshukuru Mungu. Gari halikuwa na bahati hiyo. Chesisi ilipinda, bodi ya nyuma ikakunjamana, na mlango mmoja mpaka leo hautaki kufunguka.

Ndugu huyu si katika wale wanaobandika stika kwa kumwogopa trafiki. Alikata bima kubwa. Miaka mitatu mfululizo aliandikiwa thamani ya Shs. 14,000,000/=, akatozwa asilimia 3.5, yaani Shs. 490,000/= kila mwaka na kodi juu yake, naye akalipa bila kukosa. Kampuni ilipotuma mkadiriaji wake wa hasara, bwana huyo alizunguka gari mara mbili, akapiga picha, akaondoka. Baada ya majuma matano jibu likaja: matengenezo yatagharimu Shs. 6,200,000/=; gari lenyewe kwa bei ya soko halizidi Shs. 8,500,000/=; kwa hiyo halifai kutengenezwa. Atoe Shs. 500,000/=, ndiyo sehemu ya hasara anayobeba mwenyewe, apokee 8,000,000/=, na mabaki yachukuliwe na kampuni. Akitaka kubaki na mabaki, zikatwe tena 2,000,000/=. Karatasi aliyoishika ilikuwa ya kutia sahihi kwamba amekubali malipo hayo kuwa kamili na ya mwisho. Aliambiwa aitie sahihi siku ileile, “faili lisije likalala.”

Hakuitia. Akaja nayo kwetu.

Wako watakaouliza: habari za pikapu ya seremala zinaingiaje katika ukurasa wa Chama? Twajibu kwamba ndipo mahali pake hasa. Nchi hii husafiri, hubeba mahindi, hupeleka wagonjwa hospitali na maiti makaburini kwa magari yaliyokwisha kutumiwa na watu wengine ng’ambo kabla hayajafika kwetu. Anayenunua gari jipya dukani ni serikali, shirika kubwa, au tajiri. Sisi wengine gari letu la kwanza huwa limekwisha kuzeeka mikononi mwa Mjapani. Basi ikiwa fidia ya gari kuukuu itaachwa iwe jambo la huruma ya mwenye kulipa, umma mzima wa wenye magari utakuwa unalipa ada ya haki na kupokea sadaka.

Nasi si wageni wa jambo hili. Wakati wa mkoloni bima ilikuwa biashara ya kampuni za kigeni. Mwafrika aliijua kama karatasi ya gari la bwana wake. Mwaka 1963 lilianzishwa Shirika la Bima la Taifa, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 kazi yote ya bima ikawekwa mikononi mwa umma kupitia shirika hilo. Ikakaa hivyo mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango tena kwa kampuni za watu binafsi. Hatusemi kwamba miaka ile ilikuwa ya asali. Wapo wazee wetu wanaokumbuka kufuatilia madai mpaka viatu vikaisha soli. Tunachosema ni kwamba wakati ule ulijua nani wa kumwuliza, na mkutanoni ungeweza kusimama na kuuliza. Leo kampuni ni nyingi, mawakala ni wengi zaidi, na anayekuuzia bima siye utakayemkuta siku ya kudai.

Turudi kwenye pikapu. Kwanza tuwe wakweli kwa ndugu yetu na kwa wasomaji. Ile Shs. 14,000,000/= iliyoandikwa katika hati haikuwa ahadi ya kulipwa milioni kumi na nne. Katika hati za kawaida za bima, kiasi kilichoandikwa ni dari: kampuni haiwezi kupita hapo, lakini yaweza kuishia chini yake. Bima hukusudia kumrudisha mtu pale alipokuwa dakika moja kabla ya ajali, si kumtajirisha. Gari lililokuwa la milioni kumi na nne mwaka wa kwanza halikuwa la thamani hiyo mwaka wa tatu, na ndugu yetu alikosea kuiacha namba ileile kila mwaka bila kuitazama. Alikuwa ananunua dari asiyoweza kuifikia.

Lakini kosa hilo halikuwa lake peke yake. Ikiwa kampuni inaamini kwamba gari ni la milioni nane na nusu, kwa nini ilipokea ada ya milioni kumi na nne bila kuguna? Tofauti ya hizo mbili ni milioni tano na nusu, na asilimia 3.5 yake ni Shs. 192,500/= kwa mwaka. Siku ya kupokea hakuna aliyetumwa kukagua gari. Siku ya kulipa ndipo macho yalipofumbuka, kamera ikatolewa, kutu ikahesabiwa. Twaona hapo mizani yenye mawe mawili, moja la kununulia na jingine la kuuzia, na mkulima yeyote aliyepata kupeleka pamba au korosho mnadani anaijua mizani hiyo.

Sasa neno hili “bei ya soko.” Ndilo neno ambalo mwanachama mwenye gari kuukuu hana budi kulishika, maana kila kitu kimening’inia hapo. Soko gani? Mkadiriaji mmoja hutazama bei ya gari kama hilo huko linakouzwa, Japani. Mwingine hushika bei ya gari lilipokuwa jipya akalikata asilimia fulani kwa kila mwaka mpaka lifike karibu na sifuri. Njia zote mbili humpotosha mwenye mali. Gari halina faida likiwa Yokohama. Lazima lipakiwe melini, lilipiwe ushuru wa forodha, lisajiliwe, lipate namba. Tena serikali hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi umri uliowekwa, ile tozo ambayo watu wameizoea kwa jina la uchakavu. Basi tazameni: bandarini uzee wa gari humwongezea mwenyewe gharama, na kwenye meza ya bima uzee uleule humpunguzia fidia. Mtu mmoja, gari moja, anapigwa kotekote.

Bei ya soko kwa haki yake ni fedha ambayo mtu angetoa leo, hapa, kununua gari la aina ileile, la mwaka uleule, la hali ileile, lenye kadi na namba, tayari kuingia barabarani. Huo ndio urudishaji. Kwa shilingi milioni nane ndugu yetu hangepata hata pikapu inayotoa moshi.

Tulimshauri afanye kazi ya siku nne, nayo haikumgharimu ila nauli. Alikwenda katika yadi tatu za magari akaomba zimwandikie bei ya pikapu kama yake. Zikaandika 12,000,000/=, 12,500,000/= na 13,200,000/=. Akarudi nyumbani akapekua bati la biskuti ambamo mkewe huweka karatasi, na hapa ndipo tunapompa heko mama huyo, maana risiti zote zilikuwamo: injini iliyofunguliwa na kutengenezwa upya mwaka mmoja kabla ya ajali kwa Shs. 2,400,000/=, matairi manne, springi, betri. Fundi wake akaandika barua kueleza kazi aliyoifanya na lini. Zikatolewa picha za pikapu ikiwa nzima, moja ya siku ya arusi ya binti yake, imepambwa kwa kanga. Vyote vikaambatanishwa na barua fupi isiyo na tusi hata moja, ikiiomba kampuni mambo mawili: nakala ya taarifa ya mkadiriaji, na maelezo ya jinsi alivyoifikia ile milioni nane na nusu.

Taarifa ilipopatikana ilikuwa na kurasa tatu. Ndani yake injini imeandikwa kuwa “ya zamani, hali yake haijulikani.” Haijulikani! Boneti halikufunguliwa. Baada ya majuma mengine mawili kampuni ilitoa Shs. 11,800,000/=, kabla ya kukata ile laki tano. Seremala wetu akaona inamtosha, akatia sahihi. Hakudai milioni kumi na nne, wala sisi hatukumshauri azidai. Na mkadiriaji yule hatumwiti mwizi. Analipwa na kampuni, ana magari mengi ya kukagua, na asipoonyeshwa risiti hawezi kuziota. Ila mwenye mali naye asidhani kwamba taarifa hiyo imeshuka kutoka mbinguni. Ni maoni ya mtu mmoja, na maoni hujibiwa kwa ushahidi.

Yako mengine yanayowapata wenye magari makuukuu ambayo hayakumpata ndugu huyu. La kwanza ni kubebeshwa uchakavu wa spea. Gari likitengenezwa, taa kuukuu hutolewa ikatiwa mpya, na kampuni husema: umepata faida, changia. Kwa injini au matairi neno hilo lina sababu, maana vitu hivyo huisha kwa kutumika, na mpya hudumu kuliko kilichotolewa. Lakini mlango ni mlango. Mlango mpya katika gari la mwaka 1998 haulifanyi gari liuzwe ghali zaidi. Ukiona makato ya namna hiyo, uliza yamekatwa kwa kitu gani na kwa kiasi gani, kimoja kimoja. Na kama fundi aweza kupata spea nzuri iliyotumika, kwa nini isitiwe hiyo, makato yakaondoka?

La pili ni kinyume cha kosa la seremala. Wapo wanaojifanya werevu wakaandika thamani ndogo ili ada iwe ndogo. Hati nyingi zina kifungu kinachosema kwamba aliyekata bima ya sehemu atalipwa sehemu. Chukua gari la milioni kumi na mbili lililoandikwa milioni nane. Likipata hasara ya milioni tatu, kampuni yaweza kulipa theluthi mbili tu, yaani milioni mbili, kisha ikakata ile sehemu anayobeba mwenyewe. Bwana aliyejiona mjanja dirishani hulipa ujanja wake gereji.

Tena liko neno la ubovu wa gari. Hati humtaka mwenye gari alitunze liwe salama barabarani, na gari kuukuu ndilo linalotuhumiwa kwanza. Kampuni ikikuta tairi limekuwa kipara, yaweza kulishika hilo kama sababu ya kukataa. Ndugu, hatutakutetea ukiendesha kwa tairi kipara, unaua watu. Lakini tairi la mbele haliwi sababu ya lori kukugonga kwa nyuma. Uliza kwa maandishi: ubovu huo umeletaje ajali hii? Na kama aliyeumia ni mtu wa kando, mwenda kwa miguu au mwendesha baiskeli, jambo huwa zito zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1934 ilikwisha kusema kwamba kampuni haiwezi kujificha nyuma ya hali ya gari ili imnyime fidia mtu wa tatu aliyeumizwa, na sheria ya Kenya, Sura ya 405, ina kifungu cha namna hiyohiyo. Jamaa wa marehemu hapa kwetu wasikubali kufukuzwa dirishani kwa neno “tairi”. Wamwone wakili, wamwonyeshe Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, tena wafanye hivyo mapema, maana kampuni yapaswa kupewa taarifa ya kesi kwa wakati wake.

Na wenye bima ndogo je? Hao ndio walio wengi. Bima ndogo haikutengenezei gari lako. Inamlinda uliyemdhuru wewe. Sheria yenyewe ilimtazama kwanza mtu aliyekufa au kuumia; kuhusu mali ya mwenzako, soma katika hati kiwango kilichoandikwa. Ukigongwa wewe na kosa si lako, mdaiwa wako ni yule aliyekugonga na kampuni yake. Kwa hiyo pale pale barabarani, kabla ya mikono kuanza kurushwa, andika namba ya gari lake, namba ya stika, jina la kampuni, jina la dereva na la mwenye gari. Stika yaweza kuhakikiwa kwa simu katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na uhakiki huo unafaa hata kwa stika yako mwenyewe, usije ukagundua siku ya msiba kwamba wakala aliyekuuzia chini ya mwembe alikuuzia karatasi ya rangi. Magari yasiondolewe mpaka askari wa usalama barabarani wapime na kuchora, isipokuwa kuna mtu wa kuokolewa. Aliyeumia apate PF3. Na usiseme “nitakutengenezea” wala usipokee elfu hamsini ya kunyamazia, kwa sababu kampuni nyingi hukataza mteja wake kukiri kosa au kupatana bila wao, na elfu hamsini hizo zaweza kuzika milioni tano.

Hata mwenye bima kubwa asisahau aliyemgonga. Kampuni yake ikishamlipa, yenyewe itakwenda kumdai mwenye lori. Lakini ile laki tano aliyobeba mwenyewe, na siku ambazo mbao zake zilikaa bila gari akakodi la mtu, havimo katika malipo hayo. Aweza kuvidai kwa mwenye kosa, mradi awe na risiti za kukodi na asiwe ametia sahihi karatasi iliyofuta kila dai juu ya kila mtu. Seremala wetu anavifuatilia sasa.

Pale kampuni inapokataa kabisa, au inapokaa kimya, ziko ngazi za kupanda. Andika malalamiko kwa kampuni yenyewe, upate mhuri wa kupokelewa katika nakala yako. Maneno ya simu hayana mhuri. Kisha iko Mamlaka, na uko ule usuluhishi wa migogoro ya bima uliowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu wasio na fedha za kuzunguka mahakamani. Ni ofisi za umma. Mwananchi anapoingia humo haombi hisani ya mtu.

Hapa hatuna budi kuwakemea na wenzetu. Tumesikia, tena kwa watu waliovaa sare ya Chama, habari za gari lililogongwa Jumanne likakatiwa bima Jumatano, na za fundi anayeongeza bei ili ziada wagawane na mwenye gari. Wanaofanya hivyo hawaikomoi kampuni. Kampuni hupandisha ada mwaka unaofuata, na atakayeilipa ni seremala yule aliyesema kweli. Tena wao ndio wanaompa mkadiriaji sababu ya kumtazama kila mwenye gari kuukuu kama mlaghai. Katibu wa tawi akijua jambo la namna hiyo akanyamaza, naye tutamwuliza.

Kwa serikali tuna dai moja, wala si kubwa. Kampuni inayopokea ada juu ya thamani fulani ilazimike kulikagua gari siku ya kupokea, hasa lililozidi miaka kumi, na kumwandikia mwenyewe jinsi itakavyoihesabu thamani siku ya hasara. Hapo mtu ataweza kukubaliana na kampuni juu ya thamani tangu mwanzo, ikaandikwa katika hati na kushikwa. Jambo hilo linawezekana hata leo kwa anayejua kuliomba. Tunataka na asiyejua alipate. Na taarifa ya mkadiriaji aletewe mwenye gari pamoja na karatasi ya malipo, asiachwe kuiombaomba.

Kuanzia Jumamosi hii, saa tatu asubuhi hadi saa sita, watakuwapo katika ofisi ya tawi ndugu wawili waliopata kufanya kazi ya bima, nao wamekubali kuzisoma hati za wanachama bila malipo. Njooni na hati yenyewe yote, si stika peke yake, pamoja na risiti za gereji mlizonazo. Ambaye amekwisha kupewa karatasi ya kutia sahihi aje nayo ikiwa bado tupu.